Mposaji Haulizwi Tabia Yake

Wadogo zangu, vuteni mkeka, chai iko mezani na mihogo bado ya moto. Kwenye mfuko wa barua zenu wiki hii nimekuta zile za siku zote: mume hapokei simu akiwa "kazini", wifi amehamia bila kuaga, mchumba ana mwaka wa tatu anasema "mwakani". Nitazijibu kwa zamu, msinune. Ila kuna moja niliisoma mara tatu, nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Imetoka kwa mwalimu, na leo karibu kona nzima ni yake.

"Dada, pole na majukumu. Nafundisha Maarifa ya Jamii darasa la sita, shule ya msingi mkoani Morogoro. Niliwapa watoto kazi ya nyumbani, waandike habari za Kinjeketile Ngwale na Vita vya Maji Maji. Madaftari zaidi ya arobaini yakarudi na aya ileile, neno kwa neno. Yote yanasema Kinjeketile aliwaongoza wapiganaji mpaka vita vilipokwisha mwaka 1907. Lakini kilichonimaliza nguvu ni hiki: watoto saba wamenakili kwa mkono, kwa mwandiko mzuri wa kuungana, maneno 'Bofya hapa kusoma zaidi'. Nilipowauliza wameyatoa wapi, darasa zima likajibu kwa sauti moja: 'Google, Mwalimu!' Dada, nitawafundishaje hawa kutafuta na kupima habari za mtandaoni, wakati shule haina kompyuta, simu haziruhusiwi, na mimi mwenyewe hakuna aliyenifundisha?"

Mwalimu wangu, kwanza futa hasira. Ninaamini mtoto mmoja tu ndiye aliyekuwa na kaka mwenye simu na bando, wengine walinakili kwake asubuhi chini ya mwembe. Na huyo mmoja alifanya kile tulichomfundisha tangu darasa la kwanza: kilichoandikwa ubaoni, kinakili kama kilivyo, usiruke nukta. Google kwake ni ubao mwingine. Kama ubaoni kumeandikwa "Bofya hapa", basi na daftarini kutaandikwa "Bofya hapa". Mtoto hakufanya uvivu hapo. Alitii, ila alimtii asiyemjua.

Sasa nikupeleke kwenye uwanja wangu wa nyumbani, yaani mambo ya posa, maana naona jibu lako liko huko.

Mwaka niliopata posa ya kwanza, mshenga alikuja na barua imefungwa kwenye leso nyeupe, na kijana mwenyewe akaja wiki iliyofuata. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Anaongea taratibu, anamwita baba "mzee wangu", soda anainywa kwa kuachia kidogo chini ya chupa. Baba alimwuliza maswali saa nzima na kila swali likapata jibu zuri. Mama alishaanza kuhesabu vitenge. Shangazi yangu alikuwa kimya kwenye kona, anachambua mchele. Alimwuliza neno moja tu: "Kwenu ni mtaa gani, baba?"

Alhamisi yake akapanda basi kwenda Korogwe. Alilala huko siku tatu kwa mwanamke aliyewahi kucheza naye upatu. Asubuhi anakwenda kununua maandazi kwa mama anayekaangia mbele ya nyumba ya kijana. Mchana yuko dukani, ananunua kiberiti ambacho hakihitaji. Jioni anakaa kwa fundi baiskeli, anasubiri kujaziwa upepo baiskeli ya kuazima. Jumapili akarudi, akavua viatu mlangoni, akasema: "Kijana hana ubaya. Anafanya kazi, hana deni dukani, halewi. Ila ana mke Handeni, na mtoto anatambaa."

Baba akang'aka: "Mbona hakusema?" Shangazi akajibu: "Kwani mposaji huulizwa tabia yake?"

Mwalimu, somo lako zima limo humo. Kijana yule hakusema uongo hata mmoja. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Baba alikosea pale alipokaa sebuleni akimchunguza mposaji kwa kutumia maneno ya mposaji mwenyewe, shati la mposaji na adabu ya mposaji. Tovuti nayo ni mposaji. Imekuja imevaa vizuri na inakutaka: inataka macho yako, pesa yako, namba yako ya simu, au imani yako tu. Ukitaka kuijua, toka sebuleni. Waulize majirani.

Na usidhani ni maneno ya kona ya Dada tu. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mtafiti Sam Wineburg na mwenzake Sarah McGrew waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 ambao kula yao ni kupima ukweli, na wanafunzi 25 wa Stanford. Matokeo waliyatoa mwaka 2017. Mtihani mmojawapo ulikuwa kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto. Chama kimoja kilianzishwa mwaka 1930 na kina makumi ya maelfu ya wanachama. Kingine ni kidogo, kilijitenga mwaka 2002 kwa sababu ya misimamo yake. Majina yanafanana kama ya mapacha na kurasa zote zimepigwa pasi. Watu wakaulizwa: kipi cha kuaminika?

Wasomi wale wakafanya kama baba yangu. Walikaa sebuleni. Walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakapima lugha, wakatazama nembo, wakaona marejeo yako mengi, na wengine wakaridhika. Wanafunzi wengi wakakichagua kile chama kidogo. Wahakiki walifanya kama shangazi. Hawakumaliza hata ukurasa: walitazama jina, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine pembeni kutafuta watu wengine wanasema nini kuhusu chama hicho, halafu ndipo wakarudi kusoma. Wote kumi walikitambua kinachostahili kuaminiwa, tena kwa muda mfupi kuliko wenzao. Mwanahistoria hakukosa akili. Akili yake yote aliimwagia shati la mgeni.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukimwambia mtoto "isome vizuri sana hiyo tovuti uone kama ni ya kweli", umemrudisha sebuleni. Mfundishe maswali matatu ya kwenda nayo kwa majirani.

La kwanza, nani kaileta habari hii na anataka nini? Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hakuna habari inayojiandika. Kuna mtu alikaa akaiandika, na anauza dawa, au anatafuta kura, au anafundisha, au analipwa kwa kila anayebofya.

La pili, ushahidi wake uko wapi? Chukua zile picha za Mwalimu Nyerere zenye maneno ya busara pembeni, zinazozunguka kila tarehe 14 Oktoba. Mwulize mtoto: ni hotuba gani? Ya mwaka gani? Ukurasa upi? Nyerere aliacha hotuba na maandishi yaliyokusanywa katika vitabu: Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa, Uhuru na Maendeleo. Anayemnukuu kwa dhati ana mahali pa kukupeleka. Picha na sahihi ya kompyuta si mahali.

La tatu, wengine wanasemaje? Na wengine maana yake wasiokula sahani moja. Tovuti tano zilizonakili aya moja ni shahidi mmoja aliyevaa kofia tano, kama madaftari yako arobaini.

Tuyapeleke maswali hayo kwa Kinjeketile wako. Watoto walipata aya moja, wakaishia hapo. Wangetoka nje ya ule ukurasa wangekuta kwamba vita vilianza Julai 1905 na Kinjeketile alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti mwaka huohuo. Vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Aliyeandika ile aya alichanganya mwisho wa vita na mwisho wa mtu. Na kuna jirani mwingine wa kumsikiliza kwa uangalifu. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ni kazi kubwa ya sanaa, lakini mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuniwa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Mtoto akijifunza kuuliza "hiki ni nini: historia, tamthilia, tangazo, au maoni ya mtu?" amepata zaidi ya nusu ya elimu hii.

Sasa tufike darasani, maana najua unasema, "Dada, hayo ni ya wenye kompyuta." Hapana. Kipindi ni dakika 40 na simu ni moja, ya kwako. Inatosha.

Usiku uliotangulia, tafuta swali lako kwenye Google nyumbani. Chukua karatasi ya manila na kalamu nene, uandike matokeo sita ya kwanza kama yalivyo kwenye kioo: kichwa cha habari, anwani, na ile mistari miwili ya chini yake. Usisahau lile la juu kabisa lenye alama kwamba limelipiwa. Asubuhi bandika manila ubaoni. Hao sita ni wachumba sita, wameketi barazani. Watoto wakae makundi ya watano watano, uwaulize: tumfungulie yupi kwanza, na kwa nini? Marufuku kusema "wa kwanza kwa sababu yuko juu". Ndani ya dakika kumi na tano utasikia mabishano ambayo hujawahi kuyasikia kwenye kipindi cha Maarifa ya Jamii. Yuko atakayesema, "Huyu anauza kitu." Mwingine, "Huyu ni wa makumbusho." Mwingine, "Huyu hajasema jina lake." Ndipo utoe simu. Kila kundi linakupa maneno ya kuandika, nawe unaandika na kuwasomea kilichotoka. Dakika kumi za mwisho, uliza: nani amebadili mawazo, na nini kimembadilisha?

Halafu badilisha utoaji wa alama. Kama alama zote kumi ziko kwenye jibu, watoto watanakili jibu mpaka kiama. Weka nne kwenye jibu na sita kwenye safari: nilitafuta kwa maneno gani, nilifungua nini, nilikataa nini na kwa nini, jirani gani alinithibitishia. Mistari minne tu. Jibu linanakilika chini ya mwembe. Safari ya mtu ni vigumu kuinakili, na akiinakili utamjua kwa maswali mawili. Na anayeandika "nimetafuta, wamegongana, sijapata uhakika", mpe alama zake. Tangu lini tumempa mtoto alama kwa kusema hajui bado? Tuanze.

Kazi ya nyumbani isidai bando. Kuna mtoto wa kitochi, na kuna mtoto asiye na hata hicho kitochi. Mwenye simu atumie simu, asiye nayo akamwulize babu yake au mtu wa maktaba, na wote waandike safari zao kwa kanuni ileile. Hata babu ana haki ya kuulizwa "ulikuwepo, au ulisimuliwa?" Nawe ukipata kibando, kumbuka Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Huyo ni jirani wa kwanza wa kumbishia hodi.

Tena, usiogope muda. Mwaka 2022 Wineburg na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa sekondari karibu 500 huko Marekani. Waliofundishwa vipindi sita vya dakika 50 kila kimoja kuhusu huku kutoka nje ya ukurasa waliwashinda wenzao waliosoma masomo ya kawaida. Jumla ni saa tano. Sisi tunatumia zaidi ya hizo kwenye mazoezi ya kwaya ya kumpokea mgeni rasmi.

Nikuongezee mambo matatu ya mkononi, ambayo hata mtoto wa darasa la sita anayashika.

Moja, asitafute kwa swali lenye jibu tumboni. Mtoto akiandika "kitunguu saumu kinaponya malaria", Google inaweza kumkusanyia zaidi wanaosema kinaponya, maana ndio aliowaita. Aandike "matibabu ya malaria Tanzania" aone kama kitunguu kitajitokeza chenyewe. Atakutana na dawa ya mseto, na akichimba atakuta jambo tamu: sehemu moja ya dawa hiyo asili yake ni mmea, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyeipata alitunukiwa Nobeli mwaka 2015. Hivyo anayesema "dawa zinatoka kwenye mimea" hasemi uongo. Ila kutoka kwenye mmea hadi kidonge kuna miaka ya kupima, na kitunguu cha jikoni hakijapita njia hiyo. Uongo mwingi hupenda kupanda mgongo wa ukweli wa namna hii. Na akitaka sauti ya serikali peke yake, aongeze mwishoni mwa swali lake site:go.tz, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Akitaka maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, ayafunge kwenye alama za kunukuu.

Mbili, anwani ya tovuti ni kama jina la mtu wetu: ukoo uko mwisho. Tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata jina, kisha rudi nyuma herufi chache. Mwisho wa go.tz ni ukoo wa serikali yetu, ac.tz ni wa vyuo na taasisi za elimu. Matokeo ya mitihani yanapokaribia, linki huzagaa zimeandikwa "necta" mwanzoni kwa herufi za kupendeza, ukishuka mwishoni ukoo ni mwingine kabisa. Kujiita jina la mjukuu wa chifu hakukufanyi uwe wa ukoo wa chifu. Na ile kufuli ndogo, ukiiona pembeni ya anwani, inasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Haisemi unayezungumza naye ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kufunga mlango mkiwa ndani.

Tatu, picha ina kwao. Kila masika huja picha ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, imeandikwa "LEO ASUBUHI". Kabla hujalia, tazama. Kama Barabara ya Morogoro inaonekana na njia ya mwendokasi haipo, basi picha hiyo ni mzee mwenzangu, maana mabasi yale yalianza kutoa huduma mwaka 2016. Tazama vibao vya maduka, namba za magari, nguo za watu. Kisha ipitishe Google Lens uone ilishatokea wapi na lini. Ukikwama, wapo watu ambao kazi yao ni kuhakiki: JamiiCheck na Nukta Fakti hapa kwetu, PesaCheck, Africa Check. Hao ni akina shangazi wa kuajiriwa.

Mwalimu, umeniandikia kwamba hakuna aliyekufundisha. Nikuambie siri, na wadogo zangu msinicheke. Mimi niliyelelewa na shangazi yule, miaka michache iliyopita nilituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tangazo la ufadhili wa masomo ng'ambo. Lilikuwa na nembo, lina bendera, lina tarehe ya mwisho kesho saa sita usiku. Juu yake kulikuwa na ile mishale miwili ya kuonyesha limeshasambazwa mara nyingi. Sikuitazama. Niliandika chini, "Wanangu changamkieni fursa," na ua la waridi.

Mtoto wa kaka yangu, kijana aliyekuwa amemaliza Kidato cha Sita, akachangamkia. Fomu ilidai majina, namba ya kitambulisho, na shilingi elfu thelathini za "kufungua faili". Pesa hiyo alikuwa ameipata kwa kubeba matofali wiki nzima. Hakuna kilichorudi, si faili wala salamu. Nilipojua ulikuwa mwezi wa pili tangu alipe, tena nilijua kwa mama yake. Nikampigia: "Mbona hukuuliza kwanza, mwanangu?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa upole ambao bado unanichoma: "Shangazi, si wewe ndiye uliyeleta?"

Wadogo zangu, sikuwa na jibu. Kwa mtoto yule, mimi ndiye niliyetakiwa kupanda basi kwenda Korogwe. Alipoona limetoka kwangu, aliamini limeshaulizwa. Nilimrudishia elfu thelathini yake, lakini namba ya kitambulisho hairudishwi. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: nisichokiulizia, sikifowadi. Na nikikosea, naandika kwenye kundi lilelile, mchana kweupe: "Nilikosea, si kweli." Watoto wanapotuona tukijisahihisha hadharani wanapata somo ambalo halimo kwenye muhtasari wowote. Kwa hiyo, Mwalimu, siku ya kipindi cha manila, waambie ukweli: "Hata mimi najifunza." Ukiandika tarehe isiyo sahihi ubaoni na mtoto akakuuliza "Mwalimu, umeitoa wapi?", jizuie usimwambie ana kiherehere. Mwambie ulipoitoa.

Nafasi inaisha, niwajibu na hawa kwa ufupi.

Mama wa Mwanza: "Binti yangu hata Google haendi tena, anaiuliza akili mnemba, inamjibu Kiswahili safi. Nifurahi au niogope?"

Dada yangu, vyote viwili. Akili mnemba ni mposaji fasaha kupita wote: haina kigugumizi, haichoki, na mara nyingi inasema kweli. Ila isipojua inaweza kutunga, kwa sauti ileile ya kujiamini. Mwaka 2023, mawakili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita za zamani walizopewa na ChatGPT. Kesi zile hazikuwahi kuwepo duniani. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Walijaribu hata kuiuliza yenyewe kama kesi ni za kweli, ikawaambia ndiyo. Umeona? Walimwuliza mposaji tabia yake. Binti aitumie kufafanuliwa jambo gumu, kutungiwa maswali ya mazoezi, kupata maneno ya kutafutia. Jina, tarehe, kiasi na nukuu akazihakikishe nje.

Kijana wa Kidato cha Nne, Kigoma: "Mwalimu wetu amekataza Wikipedia, anasema inaandikwa na yeyote. Ni haramu kweli?"

Mdogo wangu, si haramu, ila si mwisho wa safari. Ni kweli yeyote anaweza kuandika, na ni kweli pia wapo wanaosahihisha. Ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na makala zake nyingi ni fupi, hivyo linganisha na ya Kiingereza. Ingia, pata picha ya jumla, kisha shuka chini kabisa kwenye marejeo. Huko ndiko majirani wanakokaa. Kwenye daftari andika ulichokisoma kwa hao majirani, na mwalimu wako hatakuwa na ugomvi nawe.

Baba wa Tanga: "Dada, maneno mengi ya nini? Mimi simu nimemnyima mpaka amalize shule. Kuna ubaya?"

Kaka yangu, nakuheshimu, na usiku wa kulala simu ikae chumbani kwako, hapo niko nawe. Lakini sisi wa kona hii tumeshaona akina baba wengi waliofungia mabinti. Binti ukimfungia, waposaji hawaishi, wanahamia dirishani. Atamaliza shule siku ya Ijumaa, Jumamosi atashika simu kwa mara ya kwanza, Jumapili atakuwa ameshapokea tangazo lenye nembo, bendera na tarehe ya mwisho kesho saa sita usiku. Mpe nusu saa ya simu sasa, ukae naye, mtafute jambo moja pamoja. Msipojua majibu mtahangaika wote wawili, na hapo ndipo atakapokuona ukitoka sebuleni kwenda kuuliza.

Haya, chai imepoa. Mwalimu wa Morogoro, usinitumie alama za darasa lako. Nitumie ile mistari minne ya safari, hata ya mtoto mmoja tu. Shangazi amezeeka, macho hayaoni vizuri, ila nimemsomea barua yako yote na akaomba nikuulize neno moja: hiyo aya ya Kinjeketile, kwao ni mtaa gani?

Wenu,
Dada